Kumtambua Chipukizi Asiyeonekana: Mwongozo Kamili wa Kusaka Vipaji vya Futiboli ya Vyuo Marekani

Usiku wa tarehe 25 Aprili 2013, jijini New York, timu za NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani, zilikaa kuchagua wachezaji wapya kutoka vyuoni. Wa kwanza kuitwa alikuwa Eric Fisher wa chuo cha Central Michigan, lainimani (mchezaji mnene wa safu ya mbele) ambaye alipomaliza sekondari vyuo vikubwa vya jimboni kwao havikumtaka. Wa nne alikuwa Lane Johnson. Huyu sekondari huko Texas alikuwa kwotabeki (mrushaji pasi anayeongoza mashambulizi), akaingia chuo cha miaka miwili cha Kilgore akiwa bado kwotabeki, kisha chuo cha Oklahoma wakamhamisha nafasi moja baada ya nyingine mpaka akatulia kwenye safu ya mbele. Wa tano, Ziggy Ansah, alitoka Ghana kwenda kusoma chuo kikuu cha Brigham Young (BYU) mwaka 2008, akajaribu mpira wa kikapu na riadha, na futiboli ya Kimarekani akaanza kuicheza mwaka 2010. Inasimuliwa kwamba siku za mwanzo wenzake ndio waliomwonyesha jinsi ya kuvaa vifaa.

Watatu kati ya watano wa kwanza nchi nzima, na miaka michache nyuma hakuna aliyekuwa akigombea saini zao.

Mimi ni mkalimani wa Kiswahili mashuleni huku Iowa. Familia nyingi ninazozihudumia zimetoka Kongo, nyingine Burundi, na watoto wao wamejazana kwenye timu za shule. Kocha mmoja aliniomba nimsaidie kuongea na wazazi. Baadaye akanipa na kazi ya kupitia video, na sasa makocha wa vyuo vidogo vya jirani huniuliza maoni yangu. Haya ninayoandika nimeyapata hivyo, kwa kukosea sana. Ni kwa ajili ya kocha msaidizi, mzazi, mjomba, au kijana mwenyewe anayetaka kujua kama ana cha kupeleka sokoni.

Kwanza tukubaliane jambo moja. Mitandao kama 247Sports hugawa nyota kwa wanafunzi wa sekondari, tano kwa wachache walio juu kabisa, na kushuka mpaka mbili au hata bila nyota. Nyota hizo kwa jumla ziko sahihi. Mwenye tano ana nafasi kubwa mno ya kufika NFL kuliko mwenye mbili, na anayekwambia nyota ni upuuzi anakuuzia hadithi. Ila wenye mbili ni wengi kupindukia, kwa hiyo hata wakifaulu wachache kwa mia, mwisho wa siku unawakuta wamejaa kwenye vikosi. Kazi yetu ni kuwachambua hao wachache kutoka kwenye rundo.

Hatua ya 1: Kabla ya kuwasha video, andika kwa nini hajaonekana

Kila chipukizi aliyeachwa ana sababu ya kuachwa. Usipoijua, hujui unachonunua. Nachukua karatasi, naandika jina la kijana, na chini yake sentensi moja: "Hajaonekana kwa sababu…" Nikishindwa kuimaliza, siendelei.

Sababu ziko za aina mbili. Kuna zile ambazo muda au mazoezi huziondoa: amerefuka mwaka wa mwisho wa shule, shule yao iko mashambani, aliumia mwaka ambao makocha hupita kutazama, amechelewa kuanza mchezo, amewekwa nafasi isiyo yake, au alikuwa akicheza michezo mitatu na hakuwa na muda wa kwenda kambi za majira ya joto. Na kuna zile zisizoondoka: ni mzito wa miguu, hapendi kugongana, au ameelekezwa jambo lile lile miaka mitatu na haliingii.

Josh Allen ndiye mfano unaotajwa kila kijiwe, basi tuutumie vizuri. Alikulia shambani Firebaugh, California, mji mdogo wa wakulima wa pamba. Alicheza pia besiboli na kikapu, na alipomaliza sekondari alikuwa mwembamba bado. Hakupata ofa hata moja ya chuo cha daraja la juu. Akaenda Reedley, chuo cha miaka miwili karibu na kwao, mwili ukajaa, akaandikia makocha barua pepe kwa wingi, na chuo cha Wyoming wakamchukua. Mwaka 2018 alichaguliwa wa saba kwenye drafti (ule uchaguzi wa wachezaji wa NFL), na msimu wa 2024 akawa mchezaji bora wa NFL. Sasa hesabu sababu zake: mahali, mwili uliochelewa, michezo mingi. Zote tatu ni za muda. Mkono wenye nguvu alikuwa nao tangu mwanzo.

Kijana wa jirani yako anaweza kuwa na sababu moja ya muda na mbili za kudumu. Hapo mfano wa Allen haumhusu, hata mama yake akikuonyesha simu mara ngapi.

Hatua ya 2: Usiamini namba ambayo hukuipima wewe

Urefu unaoandikwa kwenye orodha ya timu ni urefu wa viatu pamoja na ukarimu wa kocha. Mpime bila viatu, kisigino ukutani, kitabu kigumu juu ya kichwa. Kisha mwambie anyooshe mikono yote miwili, upime kutoka ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole. Watu wengi hawaitilii maanani namba hii ya pili, na kwangu ndiyo ya kwanza. Kijana wa futi sita na inchi mbili (sentimita 188) ambaye mikono yake ikinyooshwa inapita urefu wake kwa inchi nne ana kitu ambacho hakuna mazoezi yanayoweza kukitengeneza. Pima na kiganja pia, kutoka kidole gumba hadi kidole cha mwisho.

Mbio za yadi 40, yaani mita 36.58, ndizo zinazodanganya kuliko zote. Saa ya mkononi humwonea huruma mkimbiaji, kwa sababu kidole cha anayepima huchelewa kubonyeza mwanzoni, kisha hukisia mwishoni. Kwenye riadha, mbio za mita 100 zilizopimwa kwa mkono huongezewa sekunde 0.24 ili zilingane na za mashine. Nilisahau hilo mwaka wangu wa pili. Nilimwandikia kocha wa chuo kimoja kwamba nina mlinzi wa nyuma wa sekunde 4.4, namba niliyopewa na mtu aliyeapa. Kijana akaenda kambini, akakimbia mbele ya mashine, na kocha yule hakunijibu ujumbe mpaka msimu uliofuata.

Tangu siku ile naenda kwenye matokeo ya riadha. Mashindano ya shule mengi hupimwa kwa mashine na matokeo hukaa mtandaoni, kwenye Athletic.net na MileSplit, yakiwa na tarehe na mara nyingi na kasi ya upepo. Kwa mtu mnene, achana na 40 kabisa. Hakuna lainimani anayekimbia yadi 40 kwenye mechi akiwa na bahati njema. Mpime yadi 10 za kwanza, na tafuta matokeo yake ya kurusha tufe. Tufe la wavulana wa sekondari lina uzito wa ratili 12, kilo 5.44, na kulirusha mbali kunataka nyonga, vifundo na mgongo vifanye kazi kwa pamoja, ambayo ndiyo kazi ya lainimani toka mpira unapotolewa.

Hatua ya 3: Video, na hapa usiwe na haraka

Kijana atakutumia video ya vipande vyake bora kupitia Hudl, dakika tatu, muziki juu. Itazame mara moja ujue anavaa jezi namba ngapi, kisha ifunge. Kila mtu ana matukio ishirini mazuri.

Omba mechi tatu kamili: moja dhidi ya timu kali kuliko wote waliokutana nao, moja waliyofungwa vibaya, na moja ya mwanzo wa msimu. Zima sauti. Kabla mpira haujatolewa, mtafute yeye na usimwache, hata mpira ukienda upande mwingine wa uwanja. Ukiutazama mpira umeshapoteza jioni yako.

Swali la kwanza ni hili: akikosea, anakosea kwa kutojua au kwa kutoweza? Kijana anayekwenda upande usio wake kwa kasi kubwa hajui. Hilo hufundishika ndani ya wiki mbili. Anayekwenda upande sahihi akafika amechelewa, na tena amechelewa, na tena, hana miguu, na kocha atazeeka akimfokea bure. Ninaweka alama mbili tofauti kwenye daftari, J kwa kutojua na W kwa kutoweza, na mwisho wa mechi nahesabu. Chipukizi wa kuendelezwa ana J nyingi na W chache. Mwenye W nyingi na J chache mara nyingi ndiye mchezaji bora wa timu ya shule: anajua kila kitu na amefika mwisho wake. Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu wa pili anapendeza zaidi kwa macho.

Kwa lainimani, tazama anakunja nini anaposhuka. Akikunja magoti na nyonga, mgongo ukabaki mnyoofu, una mtu. Akikunja kiuno na kutanguliza kichwa, atasukumwa maisha yake yote. Tazama na mguso wa pili: wa kwanza ni wa nguvu na uzito, lakini mpinzani akiteleza pembeni, miguu yake inaendelea kutembea au inasimama?

Kwa mvamizi wa pembeni, yule anayemwinda kwotabeki, hatua ya kwanza ndiyo kila kitu. Simamisha video sekunde ile mpira unapoondoka chini na uone nani amesogea kwanza kati ya wote kumi na mmoja. Kisha tafuta matukio ambayo mchezo umeelekea upande wa pili. Anafukuza, au anageuka kutembea na mikono kiunoni?

Kwotabeki ndiye mgumu kumpima, na asilimia ya pasi zilizofika kwenye sekondari ni karibu bure. Wapokeaji wake wanaweza kuwa wanadondosha mipira ya kwenye kifua. Nenda moja kwa moja kwenye jaribio la tatu (timu hupewa manne kusogea yadi 10) lililobakiza yadi nyingi, ambapo kila mtu uwanjani anajua lazima arushe. Angalia miguu yake anapovamiwa: inatulia, inasogea kidogo, au inakimbia kabla hatari haijafika? Tafuta pasi moja tu aliyoirusha kutoka upande mmoja hadi mstari wa pembeni wa upande wa pili. Haihitaji kufika. Unataka kuona mpira ulisafiri vipi.

Kwa wapokeaji na walinzi wa nyuma, kasi ya moja kwa moja nimeshaipata kwenye riadha; kwenye video natafuta breki. Mtu anayehitaji hatua tano kusimama ni wa mbio tu.

Baada ya hapo linganisha mwanzo wa msimu na mwisho. Kuna kijana wa familia ya Kikongo, siwezi kumtaja, aliyekuwa golikipa wa timu ya soka mpaka darasa la kumi na moja. Mrefu, mikono kama makasia. Wiki ya pili ya msimu wake wa kwanza alikuwa akisimama wima kama mlingoti, na mtoto mfupi wa timu pinzani akamwangusha chali mara nne katika robo moja. Ukitazama kipande hicho utasema arudi golini. Lakini mara ya tatu aliyoangushwa aliinuka, akageuka, akakimbia yadi thelathini na kitu mpaka kwenye rundo la watu, akafika wa pili. Nilirudisha kipande hicho mara kadhaa. Wiki ya nane, dhidi ya timu kubwa zaidi, mikono yake ilikuwa inaingia ndani ya kifua cha mpinzani kabla ya kusukumwa. Hakuna aliyemfundisha hilo msimu mzima zaidi ya mara mbili tatu, niliuliza. Mstari kati ya wiki ya pili na ya nane ndio ulionifanya niandike jina lake kwa wino.

Hatua ya 4: Mfuate kwenye michezo mingine

Makocha wazuri hupenda kukaa kwenye mechi za kikapu wakati wa baridi. Kule kijana hana kofia ngumu wala vifaa begani, unauona mwili ulivyo na jinsi anavyoutumia. Mtu wa kilo 110 anayeweza kumkaba mchezaji mdogo kwenye kikapu bila kuvuka miguu yake ni mlinzi wa kwotabeki wa kesho. Mieleka huonyesha nyonga na ubishi. Na soka, ambayo Wamarekani wengi huipita bila kutazama, huonyesha miguu na macho yanayosoma uwanja. Watoto wetu wengi wako huko, na ndiyo sababu mojawapo ya wao kutoonekana.

Mchezaji aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1974, Tshimanga Biakabutuka, alikulia Kanada, nje kabisa ya njia za kawaida za wasaka vipaji wa Marekani. Akafika Michigan, na Novemba 1995 akakimbia yadi 313 katika mechi moja dhidi ya Ohio State. Mwaka uliofuata akachaguliwa wa nane kwenye drafti. Kuna na Mkenya Daniel Adongo, aliyetoka raga moja kwa moja mpaka Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kupitia chuo, ingawa njia hiyo simshauri mtu. Chuo ndicho kinachokupa miaka ya kukosea.

Hatua ya 5: Umri wa kweli na mwili ujao

Huwezi kukisia mwili wa miaka mitatu ijayo bila kujua umri. Kijana wa miaka 16 mwenye kilo 90 na mifupa mipana ana nafasi ya kuongeza. Wa miaka 19 mwenye uzito huo huo na ndevu zilizojaa huenda amefika.

Hapa kuna jambo ambalo mkalimani analijua na kocha halijui. Familia nyingi zilizokuja kupitia kambi za wakimbizi, Nyarugusu, Kakuma na nyinginezo, zina tarehe za kuzaliwa zilizoandikwa 1 Januari, kwa sababu siku halisi haikujulikana au haikuandikwa. Kwa hiyo karatasi inaweza kukosea kwa miezi, pengine zaidi, kwenda mbele au kurudi nyuma. Hapa namaanisha ukuaji tu. Karatasi yenyewe haiguswi, na kwenye fomu za shule kinachoandikwa ni kile kilichoko kwenye hati za serikali. Mimi humuuliza mama, kwa upole na faraghani, mtoto alizaliwa wakati wa mvua au wa kiangazi, kabla ya nani na baada ya nani. Kina mama hukumbuka.

Kisha naangalia ukoo. Baba ana urefu gani, wajomba je, kaka mkubwa alirefuka akiwa na miaka mingapi. Angalia vifundo vya mikono na miguu, upana wa mabega, na kama suruali ya mwaka jana imekuwa fupi. Uliza na wanakula nini, maana kuna vijana wembamba kwa sababu wanatoka shuleni kwenda kazini saa kumi na moja na kurudi usiku. Huyo akipewa meza ya chakula ya chuo na chumba cha vyuma, usishangae akiongeza kilo kumi na tano kwa mwaka.

Hatua ya 6: Nenda ukaulize watu wasiofaidika

Kocha wake atamsifu, ndiyo kazi yake. Mpigie kocha wa timu pinzani na umuulize swali moja: "Mlipojiandaa kucheza nao, mlipanga kumkwepa nani?" Akimtaja kijana wako bila kusaidiwa, umepata ushahidi kuliko video kumi.

Shuleni, ongea na mshauri wa wanafunzi, na mwalimu wa somo ambalo kijana halipendi. Ongea na msimamizi wa chumba cha mazoezi ya vyuma kuhusu nani hufika asubuhi wakati hakuna anayeandika majina. J.J. Watt aliondoka Central Michigan alikokuwa akicheza tayiti-endi (nafasi ya kuzuia na kupokea pasi), akarudi kwao Wisconsin akajiunga na timu ya chuo kikuu bila ufadhili, na katikati ya hapo alisambaza piza. Mwaka 2011 akachaguliwa wa kumi na moja, na baadaye mara tatu akawa mchezaji bora wa ulinzi wa NFL. Tabia ya namna hiyo haiko kwenye vipimo, ila mtu wa chumba cha vyuma huwa ameshaiona.

Kisha nyumbani. Yule golikipa, nilipokwenda kwao, mama yake aliniwekea chai, akakaa, akaniuliza kabla sijafungua mdomo: "Papa, ile mupira ya kuangushana haitamuvunja mutoto wangu shingo?" Nikamwambia, mama, wanaumia, sikudanganyi, na nikamweleza kuhusu mtikisiko wa ubongo na jinsi shule inavyotakiwa kumtoa mchezaji uwanjani. Alisikiliza mpaka mwisho. Akamgeukia mwanawe, akamuuliza kama anataka kweli au anataka kwa sababu wazungu wamemsifu. Kijana akanyamaza muda mrefu, kisha akasema anataka. Ukimya ule niliuandika kwenye daftari. Anayejibu haraka mno mara nyingi anajibu kwa ajili yako.

Tahadhari moja: kama unafanya kazi kwa chuo, hata kwa kujitolea, NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, wana kalenda ya lini mnaruhusiwa kumpigia kijana, kumtembelea, au kumtazama tu bila kuongea naye. Uliza idara ya chuo chako kabla ya kugonga mlango wa mtu.

Hatua ya 7: Fungua cheti cha masomo mapema

Nimeona vipaji vingi vikifia hapa kuliko kwenye goti. Kwa daraja la kwanza la NCAA kijana anahitaji masomo ya msingi 16 yaliyoidhinishwa, na wastani wa alama 2.3 (kati ya 4.0) katika hayo. Kumi kati ya 16 lazima ayamalize kabla ya muhula wa saba, yaani kabla ya kuanza mwaka wa mwisho, na saba kati ya hayo kumi yawe Kiingereza, hisabati au sayansi. Tangu 2023 mitihani ya kuingia chuo, SAT na ACT, haitakiwi tena na NCAA kwa ajili ya kumruhusu kucheza, ingawa chuo chenyewe kinaweza kuitaka.

Mtoto aliyefika Marekani akiwa na miaka 15 huwekwa kwenye madarasa ya Kiingereza kwa wageni, na si kila darasa la namna hiyo linahesabiwa kwenye yale 16. Anafaulu, anafurahi, kumbe mwaka mzima haumo kwenye hesabu. Mwende na mzazi kwa mshauri kijana akiwa darasa la tisa au la kumi, mwombe orodha ya masomo ya shule hiyo yaliyoidhinishwa na NCAA, mkae mhesabu moja moja. Kama imeshachelewa, kuna vyuo vya miaka miwili, na njia hiyo haina aibu: Aaron Rodgers, kwotabeki maarufu wa NFL, alipitia Butte kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha California.

Hatua ya 8: Je, kuna mtu wa kumsubiri?

Chipukizi asiyeendelezwa ni deni la muda. Swali ni nani atalilipa.

Zamani vyuo vikubwa vilikuwa na uvumilivu zaidi. Oktoba 2018 ukaanza mfumo wa wachezaji kujiandikisha ili wahamie chuo kingine, Julai 2021 wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao, kwa mfano kwenye matangazo, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja, huku vikosi vya vyuo vilivyoingia kwenye mpango huo vikiwekewa ukomo wa wachezaji 105. Kocha aliye na kazi ya kulinda anaona afadhali amchukue mtu wa miaka 22 aliyekwishacheza mechi thelathini kuliko mtoto wa kumwagilia maji miaka mitatu. Simlaumu, lakini ujue hivyo unapopanga.

Kwa hiyo nikiwa na kijana wa J nyingi, simpeleki kwanza kwa jina kubwa. Natazama chuo ambacho miaka yote hugeuza watu wembamba kuwa lainimani, ambacho kocha wa nafasi yake amekaa muda mrefu, na ambacho kinatumia mwaka wa redishati kweli. Redishati ni mwaka wa kufanya mazoezi na timu bila mwaka huo kuhesabiwa kwenye misimu anayoruhusiwa kucheza. Tangu 2018 mchezaji anaweza hata kucheza mechi nne na bado mwaka ukabaki mkononi. Khalil Mack alikwenda chuo cha Buffalo, si mahali pa kujivunia mtaani kwao Florida, na mwaka 2014 akachaguliwa wa tano.

Maswali ya kumuuliza kocha wa chuo, tena mbele ya mzazi: Mna wachezaji wangapi wa nafasi hii, na wanamaliza lini? Mwaka wa kwanza atakuwa na uzito gani, na nani atamsimamia? Nitajie mtu aliyekuja kwenu akiwa hivi, na sasa yuko wapi? Kocha mwenye mpango hujibu kwa majina na kilo. Asiye nao hujibu kwa kusifu jengo jipya.

Na chuo kidogo nacho kijue kwamba kikimlea vizuri huenda akaondoka baada ya miaka miwili kwenda kwenye pesa. Kwotabeki Fernando Mendoza aliwahi kukubaliana na Yale, akaenda Chuo Kikuu cha California, akahamia Indiana, na mwaka 2025 akashinda Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Waliomlea mwanzoni walibaki na picha.

Hatua ya 9: Andika, tia tarehe, rudi

Ukurasa mmoja unatosha. Juu, ile sentensi ya sababu, na pembeni yake ama "muda" ama "kudumu". Chini, vipimo ulivyovipima mwenyewe, hesabu ya J na W kwa mechi tatu, alichosema kocha wa upinzani, idadi ya masomo kati ya 16, na chuo kimoja au viwili vinavyomfaa. Halafu andika utabiri ambao unaweza kukuaibisha: "Baada ya miezi 18 atakuwa na kilo kadhaa na atakuwa anacheza nafasi fulani." Tia tarehe, weka kwenye faili.

Mimi hufungua faili langu kila Februari, baada ya msimu. Walioniangusha karibu wote nilikuwa nimeandika "muda" mahali ambapo moyoni nilijua ni "kudumu", kwa sababu nilimpenda kijana au familia ilinikarimu. Wa golikipa niliandika kilo 118 kufikia Agosti ya mwaka wake wa pili chuoni. Juzi mama yake kanipigia simu kulalamika kwamba likizo hii kamaliza gunia la unga peke yake, na mlango wa choo umekuwa mwembamba. Nikamwomba ampandishe kwenye mizani. Kilo 113.